Fungu la Wenye Injini

Kwa wewe uliyekosa Jumamosi iliyopita, usijali, hukupitwa na ushujaa wowote. Niliishia nikiwa nimekaa jikoni na simu mkononi, nimepokea barua pepe inayoanza na neno "Hongera," na mke wangu amesimama nyuma yangu anauliza, "Hongera ya nini?"

Kazi yangu ni kutengeneza michezo ya kwenye simu. Baba mkwe wangu ni fundi wa makufuli, mwaka wa arobaini huu, na katika miaka sita ya ndoa yangu hakuwahi kuniita mkwe. Aliniita Bwana Vidole. "Bwana Vidole yupo?" anauliza kwenye simu, kana kwamba binti yake ameolewa na viganja viwili.

Mwaka jana akaja na wazo. Mchezo ambao wewe ni fundi wa makufuli, mtu anakujia anasema amefungiwa nje ya nyumba yake, na kwa maswali matatu tu unatakiwa ujue kama nyumba ni yake kweli au ni mwizi mwenye adabu. Visa vyote vilikuwa vyake, kuanzia bibi harusi aliyejifungia chooni hadi mwizi aliyefunguliwa mlango, akashukuru na kuacha bakshishi. Mzee akatoa akiba yake ya uzeeni, akanilipa. Na mimi, kwa kutaka kupendwa, nikamwandikia karatasi kwa mkono wangu: mchezo huu ni wa baba mkwe peke yake, hakuna mtu mwingine duniani mwenye fungu ndani yake.

Akaitia kwenye fremu. Akaitundika dukani kwake, juu ya mashine ya kukata funguo.

Mchezo ukapendwa. Hapo ndipo hongera ilipotokea.

"Hongera ya mchezo," nikamjibu mke wangu. "Umevuka kiwango."

"Kiwango cha nani?"

"Cha wenye injini."

"Mchezo una injini?"

Unayo. Hakuna mtu anayejenga mchezo kuanzia mchanga na kokoto. Unachukua injini, programu waliyoitengeneza wengine, inayojua tayari jinsi mlango unavyofunguka na kivuli kinavyoanguka, kisha wewe unaweka hadithi yako juu yake. Hii niliyotumia mimi unaipata bure. Bure kabisa, mpaka mchezo wako uanze kuingiza fedha za maana. Ukivuka kiwango walichoweka, wenye injini wanataka fungu lao. Fungu hilo linaitwa mrabaha, na limeandikwa kwenye leseni ambayo mimi niliibofya "Nakubali" bila kuisoma. Nimebofya "Nakubali" mara nyingi kuliko nilivyomwambia mke wangu nampenda. Ameisoma sentensi hii na hakucheka.

Sasa, mke wangu ni mfamasia.

"Kazi yangu mimi," akasema, akivuta kompyuta upande wake wa meza, "ni kusoma vikaratasi ambavyo hakuna mwingine anavisoma."

Aliisoma leseni yote, juu mpaka chini, dakika arobaini, huku akinywa chai yangu.

"Nikueleze matumizi?"

"Nieleze."

"Malipo aliyokupa baba ya kutengeneza, hayo ni yako. Ulifanya kazi ya mteja, ukapata ujira, wenye injini hawana habari nao. Meza bila wasiwasi."

Nikashusha pumzi.

"Usishushe bado. Fedha wanazolipa wachezaji, hizo zina fungu. Na linahesabiwa kwenye kila kinachoingia, kabla duka la mtandaoni halijakata chake, kabla baba hajaona hata harufu."

"Kwa hiyo anayedaiwa ni baba."

"Mwenzangu," akasema polepole, kama anavyowaambia wagonjwa waliokunywa dawa ya kupaka. "Mchezo ameuweka nani kwenye duka la mtandaoni?"

Nikavuta kikombe changu cha chai. Kilikuwa kitupu.

Nimeuweka mimi. Siku ile baba mkwe alikuwa na simu ya vitufe ambayo haijawahi kusikia habari za mtandao. Hakuwa na akaunti, wala hakutaka kuulizwa jina la mama yake na mashine. Nikauweka kwenye akaunti yangu, kwa muda. Sisi tunaofanya kazi za wateja tunafanya hivyo kila siku. Fedha zikiingia kwangu, namhamishia zote kama zilivyo. "Kwa muda" yetu ilikuwa na miezi minane.

"Leseni inasema anayeusambaza mchezo ndiye anayetoa taarifa na ndiye anayelipa," akasema. "Anayeusambaza ni wewe. Anayepokea ni baba, anayedaiwa ni wewe. Na baba ana karatasi yako ukutani inayosema hakuna mtu duniani mwenye fungu."

"Na madhara yanayoweza kujitokeza?" nikauliza, nikijaribu utani.

"Kutokwa na jasho, kizunguzungu, na kumpoteza mkwe."

Akafunga kompyuta. Utani ukaisha hapo.

"Leo saa saba mnunuzi anakwenda dukani kwa baba. Unajua."

Nilijua. Kiwanda cha makufuli kilitaka kuununua mchezo wote. Ndiyo ingekuwa pensheni ya mzee.

"Watamuuliza kama kuna mtu mwingine mwenye dai. Atasema hapana, kwa sababu wewe ulimwambia hapana. Atatia saini. Mwongo atakuwa yeye, baba yangu, ambaye mtaa mzima wakisafiri wanamwachia funguo za nyumba zao. Kamwambie kabla ya saa saba."

"Huwezi kumdokezea wewe kidogo? Kwa simu tu?"

"Mdomo ulioahidi ndio ukaseme."

Saa nne na nusu nilikuwa mlangoni kwa baba mkwe. Duka lake ni jembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Upande mmoja funguo ambazo hazijakatwa meno, mamia, kila moja kwenye msumari wake. Upande mwingine makufuli ya kila umri. Mashine ilikuwa inalia, na unga wa shaba umetanda kwenye aproni yake.

Wateja wawili walikuwa wanasubiri. Baba mkwe akaniona, akazima mashine.

"Mnamwona huyu?" akawaambia. "Huyu ni mwanangu. Ndiye aliyetengeneza ule mchezo."

Mwanangu.

Msomaji, nimesubiri neno hilo miaka sita. Nimebeba magunia, nimepaka rangi uzio, nimecheka vichekesho vile vile mara kumi na moja. Sasa limekuja siku ambayo ningetoa chochote lisije. Macho yaliniuma, nikasingizia unga wa shaba.

Wateja walipoondoka nikajipiga moyo konde.

"Baba, kuna jambo kuhusu injini."

"Imeharibika? Itengeneze. Wewe si fundi?"

"Haijaharibika. Tuseme... tuseme hii mashine yako ya kukata funguo."

"Nimeinunua hii. Risiti ipo."

"Najua. Tuseme hukuinunua. Tuseme mtu alikupa bure, ila kwa sharti kwamba funguo zikianza kuuzika sana, kila ufunguo unaoukata, umpe kidogo."

Alifikiri, akijikuna kidevu kwa ufunguo.

"Sharti hilo aliniambia mwanzoni?"

"Lilikuwa kwenye karatasi."

"Basi si mtu mbaya. Angenikodisha angenidai hata siku nisiyouza. Huyu anasubiri nishibe ndipo aombe. Nampa." Akanitazama. "Lakini mbona umebadilika rangi?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, nilichotakiwa ni kupita tu. Nakiri mbele yenu nyote mnaosoma: sikupita.

"Tuseme sasa," nikaendelea, "huyu fundi anawakatia watu wengine funguo, na alimwambia mteja wake kwamba hakuna sharti lolote. Alisahau. Yaani hakusoma."

"Alimwambia kwa mdomo?"

"Kwa maandishi."

Baba mkwe akaweka ufunguo chini. "Huyo ni nani?"

Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu na leseni ya udereva, nikasema, "Pikseli."

Pikseli ni mwenzangu kazini. Ndiye aliyechora milango yote ya ule mchezo, na anaitwa hivyo kwa sababu anaweza kugombana siku nzima kwa ajili ya nukta moja. Ni baba wa mapacha. Hajawahi kunikosea kitu.

"Masikini Pikseli," baba mkwe akasema, kwa huruma ya kweli. "Mwambie aende kwa mteja wake leo hii hii. Mteja anaweza kulipa fungu. Uongo haulipiki."

Moyo wangu ukapanda. "Kwa hiyo angekuwa mteja ni wewe, ungemsamehe?"

"Mimi?" Akacheka mpaka aproni ikamwaga unga. "Mimi ningemtoa dukani na nibadilishe kitasa. Bahati yake mteja si mimi."

Moyo ukarudi ulikotoka, ukapitiliza ngazi kadhaa.

Kivuli kikaziba mlango. Nikageuka. Alikuwa Pikseli mwenyewe, amechomekea shati, na bahasha ya picha kwapani. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa fupi kuliko duka lenyewe.

"Nilimwita mimi," baba mkwe akaniambia. "Amwonyeshe mnunuzi milango." Kisha akamshika Pikseli mabega kwa mikono miwili. "Kijana, nimesikia habari zako. Usiogope. Haya mambo yanawapata hata watu wazuri."

Pikseli akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Habari zangu zipi, mzee?"

"Za injini. Na yule mteja uliyemdanganya."

Nilimkodolea macho Pikseli, nikamwomba kwa nyusi, kwa mashavu, kwa kila kiungo cha uso ambacho Mungu amenijalia.

"Aaa," akasema Pikseli. "Huyo."

"Kamwambie leo."

"Nitamwambia, mzee." Akanisogelea, akachungulia picha zake kana kwamba anazipanga, akaninong'oneza, "Una mpaka huyo mnunuzi aingie. Akiingia, mimi naanza kukumbuka mambo."

Kila nilipofungua mdomo aliingia mteja, nami nikashukuru. Saa sita na dakika tano, karibu saa nzima kabla ya muda, mnunuzi akaingia.

Alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye kamba, faili jekundu. Alimsalimu mzee kwa heshima, akakataa kiti kizuri akakaa kwenye kigoda. Akasema binti yake ameucheza mchezo mpaka amefeli jaribio la hesabu. Baba mkwe akaomba radhi, ila kwa uso wa mtu aliyepewa medali.

Pikseli akaonyesha milango yake. Mama akaisifu mmoja mmoja. Kisha akafungua faili.

"Mambo machache tu, mzee, ndipo tutie saini. Mchezo huu ni wako?"

Baba mkwe alipanda kwenye stuli, akashusha fremu, akaipangusa kwa aproni, akaiweka mapajani kwa yule mama.

Mama aliisoma. Niliona midomo yake ikifika kwenye "hakuna mtu mwingine duniani" na kusimama.

"Mwandiko mzuri," akasema. "Lakini lazima niulize. Mmetumia injini gani, na nani kati yenu anashughulikia mrabaha?"

"Mra nini?"

"Mrabaha. Fungu la wenye injini. Mchezo ukipata wachezaji wengi kama huu, mara nyingi fungu linakuwepo."

Baba mkwe akatabasamu, tabasamu la mtu aliyesoma jana kile anachoulizwa leo. "Ahaa! Hilo nalijua. Bure mpaka ushibe. Huku kwetu hakuna hilo, lakini kijana huyu," akamwonyesha Pikseli kwa kidole, "huyu ndiye limemkuta. Alimficha mteja wake. Ila ni kijana mwema, ameahidi kusema."

Mama wa kiwanda akamtazama Pikseli juu ya miwani. Aliandika kitu kwenye faili. Sijui aliandika nini, ila nilijua kiwanda hicho hakitampa Pikseli kazi hata ya kuchora kibandiko.

Nikamgeukia Pikseli. Nilitegemea anikasirikie. Alikuwa anatazama viatu vyake, vile vilivyopigwa rangi asubuhi kwa ajili ya mkutano huu.

Niliona haya. Haya ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Afadhali angenitukana.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi."

"Nini ni wewe?" baba mkwe akauliza.

"Mteja ni wewe, baba. Injini ni ya huu mchezo. Leseni sikuisoma. Karatasi hiyo niliiandika nikitaka unipende. Wenye injini wana fungu, wameshaandika barua, na Pikseli hahusiki hata kwa nukta. Nimemsingizia sasa hivi, hapa hapa, nilipokuwa nakuogopa."

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Alivua aproni polepole, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya mashine.

"Mama," akamwambia mnunuzi, "hilo fungu linavunja biashara?"

"Hapana, mzee, wala halina ajabu. Linaandikwa kwenye mkataba tu. Nani anatoa taarifa ya mauzo, nani analipa, kuanzia lini. Tukinunua, tunalibeba sisi kwa yanayokuja. Ya nyuma mnayamaliza ninyi kwa ninyi."

Ni hivyo tu? Mistari mitatu kwenye mkataba? Nilikuwa nimemuuza rafiki kwa ajili ya mistari mitatu! Hata Pikseli akainua uso.

"Basi tuandike," akasema baba mkwe. "Nipe nitie saini."

Mama alimpa kalamu. Kisha akaitazama simu yake, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaichukua tena ile kalamu kwa mzee, taratibu.

"Samahani, mzee. Nahakiki tu. Hapa kwenye duka la mtandaoni, jina la mwenye mchezo si lako."

"La nani?"

Alilisoma. Lilikuwa jina langu lote, la kwanza mpaka la babu, kama lilivyo kwenye kitambulisho.

"Ni akaunti tu, baba," nikasema haraka. "Niliuweka kwa muda. Fedha zote nimekuletea, hakuna hata moja niliyobaki nayo."

"Sijaulizia fedha," akasema. Akamgeukia mama. "Hilo lina maana gani?"

"Wakili wetu atasema hivi: leseni ya injini ina jina lake. Akaunti ina jina lake. Taarifa za mauzo zina jina lake. Wewe una barua kutoka kwake, na barua hiyo, samahani, tumeona sasa hivi kwamba haisemi kweli yote. Saini ninayoihitaji leo ni yake. Na malipo, kwa utaratibu wetu, yanakwenda kwa aliyetia saini."

Nje mtu aligonga akitaka ufunguo wa baiskeli. Pikseli akamwambia arudi baadaye.

Baba mkwe alichukua kalamu kwa yule mama, akaiweka mbele yangu, juu ya kioo cha fremu.

"Baba, sitaki. Tuuhamishe kwanza uwe kwa jina lako. Inawezekana."

"Inachukua muda gani?" akamuuliza mama.

"Wiki kadhaa, mzee. Na kiwanda kimenipa mpaka leo jioni. Wapo wengine wawili tunaowatazama."

Mzee akatikisa kichwa, kama mtu aliyesikia bei. Akaninyooshea kidole.

"Nijibu kitu kimoja, na usinipambie. Visa ni vyangu. Akiba ilikuwa yangu. Ukitia saini hapo, fedha zikaingia kwako, ni kitu gani duniani kinachokuzuia kuondoka nazo?"

Nilitazama meza. Karatasi kwa mwandiko wangu. Akaunti kwa jina langu. Leseni niliyoikubali mimi. Nilitafuta kitu, chochote, cha kumwekea mkononi. Nilitaka kusema binti yako, nikaona hiyo nayo ingekuwa ahadi nyingine tamu isiyosomwa.

"Hakuna, baba," nikasema. "Hakuna kinachonizuia."

Alichukua koti lake kwenye msumari, akalivaa, akafunga vifungo vyote vitatu. Akapita kati yangu na Pikseli bila kutugusa, akatoka, na mlango wa duka lake, ambao sijawahi kumwona akiuacha bila kuufunga, akauacha wazi nyuma yake.

Mama wa kiwanda akanisogezea karatasi ya kutia saini.